Mnada wa vifaa vya filamu za kisayansi Los Angeles: tuko Nairobi, tunaufuataje, na elfu 80 itanunua nini?

NyotaYaSouthB

Wakuu, salamu. Tuko saba, chama kidogo cha wapenzi wa filamu na tamthilia za kisayansi. Mwezi ujao kuna mnada mkubwa wa vifaa vya filamu Los Angeles na katalogi imeshatoka: loti zaidi ya elfu moja (kila loti ni kitu au fungu la vitu vinavyouzwa pamoja kwa namba moja), siku tatu, kuanzia kofia na bastola za mionzi hadi karatasi za ratiba ya upigaji picha. Tunataka kuufuata mubashara tukiwa hapa, na tumechanga shilingi 80,000 tununue kitu kimoja, kidogo lakini halisi. Nakala hatutaki.

Saa zao na zetu zinakutana wapi, na tutajuaje loti yetu itaitwa saa ngapi? Hiyo 80,000 inatufikisha dau la dola ngapi, kodi zikiwa ndani? Pia maneno ya katalogi yanatuchanganya. Kifaa kimoja "kilitumika kwenye filamu", kingine "kilitengenezwa kwa ajili ya filamu", kingine "kimelinganishwa na picha za filamu". Halafu kuna barakoa ya kiumbe, ya mpira, inayoanzia dola 150, kubwa na ya kuvutia kuliko kitu chochote cha bei hiyo. Mbona rahisi hivyo?

SaaTatuUsiku

Nianze na saa, kwa sababu hapo ndipo wengi wa huku hukosa loti yao wakiwa macho kabisa.

Los Angeles wakiwa kwenye saa za kiangazi, sisi tuko mbele kwa saa 10. Mnada ukifunguliwa kwao saa nne asubuhi, kwetu ni saa mbili usiku. Wakirudisha saa Jumapili ya kwanza ya Novemba, tofauti inakuwa saa 11, yaani mnada huohuo unaanza kwetu saa tatu usiku. Minada ya London ni rahisi zaidi: saa 2 kiangazi, saa 3 majira ya baridi. Ila London hubadili saa Jumapili ya mwisho ya Oktoba, wiki moja kabla ya Marekani, kwa hiyo katikati ya tarehe hizo usitegemee mazoea. Andika saa ya mnada kwa saa ya Nairobi kwenye karatasi na uibandike ukutani.

Kujua loti itaitwa lini ni hesabu tu. Dalali wa mnada wa mubashara hupitisha takribani loti 60 hadi 80 kwa saa. Chukua 70. Loti ya 420 iko saa sita tangu kufunguliwa, kwa hiyo ikiwa mnada ulianza saa mbili usiku, mtaifikia yapata saa nane za usiku wa manane. Dakika 30 za kwanza hesabuni loti zilizopita, kisha rekebisheni kasi. Loti maarufu hula dakika tano au hata kumi kila moja, zile za karatasi na picha hupita kwa nusu dakika.

Msiamini video. Picha huchelewa sekunde kadhaa nyuma ya kitufe cha dau, na kwa intaneti ya simu huchelewa zaidi. Mnaona dalali bado anaita 200, kumbe kwenye mfumo tayari ni 275. Tazameni namba iliyo kando ya kitufe, video iwe ya starehe. Na kwa kitu mnachokitaka kweli, wekeni dau la juu kabisa mapema, kabla ya siku yenyewe. Mfumo utawapandishia hatua kwa hatua hadi hapo tu. Umeme ukikatika Umoja au bando likiisha, dau lenu bado limesimama.

Jiandikisheni angalau siku tatu kabla. Watataka nakala ya pasipoti au kitambulisho na kadi ya benki, na baadhi huzuia kiasi kidogo kwenye kadi kuhakikisha inafanya kazi. Anayejiandikisha dakika za mwisho husubiri kuidhinishwa huku loti zikipita. Jina moja tu ndilo liandikishwe, na liwe jina lilelile litakalokuwa kwenye ankara na kwenye PIN ya KRA.

Makadirio ya katalogi nayo si unabii. Oktoba 2006, nyumba ya mnada ya Christie's ilipouza mkusanyiko wa Star Trek New York, modeli ya chombo cha anga Enterprise-D ilikadiriwa dola 25,000 hadi 35,000. Ilienda kwa 576,000. Modeli ya X-wing, chombo cha kivita cha Star Wars, kutoka mkusanyiko wa mtengeneza modeli Greg Jein ilifunguliwa kwa dola 400,000 mwaka 2023 kwenye nyumba ya mnada ya Heritage, ikafungwa kwa 3,135,000 ada ikiwemo. Kinachopanda hivyo ni vile vitu ambavyo kila shabiki anavitambua akiwa mbali. Karatasi, michoro na beji hupanda polepole, na hapo ndipo mna nafasi. Loti ikipita bila kununuliwa, andikieni nyumba ya mnada kesho yake. Mara nyingi mwenye mali hukubali kuuza kwa ile bei ya chini aliyoiweka.

WakalaWaForodha

Dola anayotaja dalali akigonga nyundo si bei yenu. Fuateni hesabu hii hadi mwisho.

Tuseme nyundo imegongwa kwa dola 1,000. Ada ya mnunuzi, tuchukue asilimia 25 (kila nyumba ina yake, someni masharti): 250. Mkinunua kupitia jukwaa la mtandaoni la mtu wa tatu huongezwa kidogo tena, tuseme asilimia 3: 30. Sasa mko 1,280. Usafirishaji na bima hadi Nairobi, tuseme 220. Jumla 1,500, na hiyo ndiyo thamani ambayo forodha huanza nayo. Si 1,000.

Ushuru wa forodha hutegemea kifaa kimeingizwa kundi gani. Tukichukua asilimia 25: 375. IDF (ada ya tamko la kuingiza bidhaa) asilimia 2.5: 37.50. RDL (tozo ya maendeleo ya reli) asilimia 2: 30. VAT asilimia 16 hupigwa juu ya thamani pamoja na ushuru, yaani 1,875: 300. Kodi zote 742.50. Kitu chenu kimefika dola 2,242.50, na ada ya wakala bado.

Kwa ufupi, zidisha thamani ya kufika (hapa ile 1,500) kwa 1.495. Sasa turudi kinyume kwa 80,000 yenu. Kwa dola moja shilingi 130, mna dola 615. Gawanya kwa 1.495, unapata 411. Toa usafirishaji wa kifurushi kidogo, tuseme 90, inabaki 321. Gawanya kwa 1.28: nyundo ya dola 250, na hapo mfuko umekauka kabisa. Wekeni kikomo cha 200. Nyundo ya 200 inafika kama shilingi 67,000, na ile 12,000 na ushee inayobaki ni ya kampuni ya vifurushi na ya kubadilisha fedha, kwa sababu benki haiwauzii dola kwa bei mnayoiona kwenye mtandao.

Vazi la filamu likitangazwa kama nguo tu, jueni nguo ziko kwenye kundi la asilimia 35 katika jedwali la Afrika Mashariki tangu Julai 2022. Ankara ieleze kitu chenyewe: vazi la kukusanywa la filamu fulani, mwaka fulani, si la kuvaliwa, pamoja na ukurasa wa katalogi. Uamuzi ni wa afisa wa forodha, lakini akikosa maelezo atachukua lile kundi analoliona kwa macho.

Msimwombe muuzaji aandike thamani ndogo. Matokeo ya minada hii yako wazi mtandaoni, afisa akitafuta namba ya loti anaona bei. Na kifurushi kikipotea, bima italipa ile thamani ndogo mliyoandika.

Jambo la pili, uzito. Kampuni za ndege hutoza kwa ukubwa wa sanduku pale ukubwa unapozidi uzito. Urefu mara upana mara kimo kwa sentimita, gawanya kwa 5,000. Kofia ya kilo 2 huwekwa kwenye sanduku la 45 × 45 × 45, na hiyo ni 91,125 gawanya kwa 5,000: mnalipia kilo 18. Ndiyo maana nasema nunueni karatasi. Ombeni ziwekwe bapa kati ya mbao mbili nyembamba za plastiki, zisikunjwe kwenye bomba.

Na bastola za filamu: ulizeni imejengwa juu ya nini. Ile ya Han Solo wa Star Wars iliyouzwa Agosti 2022 kwa dola 1,057,500 ilijengwa juu ya Mauser C96 halisi. Bunduki za askari weupe (stormtroopers, wenye mavazi meupe) wa Star Wars ya 1977 zilijengwa juu ya bunduki ya Sterling, na ya Deckard wa Blade Runner ina vipande vya bunduki ya Steyr. Kitu cha namna hiyo, hata mtutu ukiwa umezibwa, ni cha Bodi ya Leseni za Silaha kabla ya kupandishwa ndege. Za resini na mpira ni tofauti, lakini hata hizo ankara iandike wazi: kifaa cha maonyesho, resini, hakina sehemu ya silaha.

FundiResini

Nitajibu la maneno ya katalogi na la barakoa, nayo yanashikana.

"Kilitengenezwa kwa ajili ya filamu" maana yake kilitoka kwenye karakana ya filamu ile. Huenda hakikuwahi kuonekana. "Kilitumika" maana yake mtu anadai kilikuwa kwenye seti, na dai hilo lina nguvu sawa na mtu aliyelitoa. "Kimelinganishwa" ndilo neno zito: kuna alama kwenye kifaa inayoonekana pia kwenye fremu ya filamu. Hapo msisome maelezo tu, ombeni picha mbili kando kwa kando.

Mkizipata, jiulizeni alama hiyo ilitoka wapi. Vifaa vingi humiminwa kwenye kalibu moja, na kalibu ikiwa na kovu kila kopi inazaliwa na kovu hilohilo. Hata nakala iliyochukuliwa juu ya kifaa halisi italibeba. Kwa hiyo kovu la kalibu halithibitishi kitu. Kinachothibitisha ni kile kilichotokea baada ya kumiminwa: tone la rangi lililoteremka likagandia pembeni, mkwaruzo wa kuangushwa, mstari uliochorwa kwa mkono ukatetereka. Tafuteni alama mbili au tatu za aina hiyo zilizokaa kwa umbali uleule kati yao. Picha za filamu wakati mwingine hugeuzwa kulia kushoto kwenye uhariri, kwa hiyo mkwaruzo ukiwa upande usiofaa angalieni kwanza kama maandishi au vifungo vya nguo navyo vimegeuka.

Ubora wa picha una mwisho wake. Tamthilia ya Star Trek, The Next Generation, ilisafishwa upya kutoka kwenye filamu halisi, ikatoka kwa Blu-ray kati ya 2012 na 2014, kwa hiyo alama ya milimita chache inaweza kuonekana kwenye fremu ya karibu. Tamthilia nyingine za Star Trek, Deep Space Nine na Voyager, ziko kwa ubora wa televisheni ya zamani tu. Mtu akiwaambia amelinganisha mkwaruzo mwembamba kama unywele kwenye kifaa cha Deep Space Nine, fremu hiyo haina nukta za kutosha kuubeba.

Mfano mmoja wa kutazama kwa karibu. Kofia za askari weupe za 1977 zilikuwa za aina mbili. Zilizokusudiwa picha za karibu zilikuwa plastiki ya ABS, nyeupe yenyewe, bila rangi. Zile za kikosi na za michezo ya kuanguka zilikuwa za polyethylene, plastiki ya familia moja na mtungi wa maji wa manjano ulio jikoni kwenu, zikapakwa rangi nyeupe. Jaribuni kupaka mtungi huo rangi: haishiki, inapukutika kama ganda la kitunguu. Basi kofia ya aina hiyo iliyokaa karibu miaka 50 lazima iwe imebanduka pembeni mwa masikio na kwenye ukingo wa chini, plastiki ya ndani ikichungulia. Ikiwa nyeupe tupu bila doa, imepakwa upya, na aliyeipaka amefunika alama zote ambazo zingeweza kulinganishwa. Au ni nakala.

Sasa barakoa. Katalogi ikisema mpira wa povu, nasikitika kuwaambia kwamba mnaununua ugonjwa. Oksijeni, mwanga na joto hukata minyororo ya mpira kidogo kidogo. Kwanza inakakamaa, halafu nyufa zinaanza kwenye kope, midomo na mikunjo ya shingo, mwisho inageuka unga. Ukiigusa unabaki na vumbi la kahawia kwenye kidole, na hakuna dawa ya kuurudisha. Barakoa ya miaka ya 1980 inayoanzia dola 150 iko hapo kwa sababu hiyo, na kutingishwa ndani ya ndege hadi JKIA kunaweza kuimaliza. Ya silikoni hudumu zaidi. Fibaglasi pia, ila rangi yake hupasuka.

Mkiipenda bila kujali, basi iwekwe gizani, juu ya kichwa laini kilichojazwa karatasi isiyo na asidi ili isijibebe yenyewe. Msiifunge kwenye nailoni za PVC. Joto la Nairobi ni rafiki kuliko la Mombasa, lakini jua la huku juu ni kali: dirisha linalotazama mashariki bila pazia litaila haraka.

KaratasiZaSeti

Kwa dau la 200, mimi pia nasema karatasi, na nasema kwa moyo wote. Ratiba ya siku ya upigaji picha iliyoshikwa na fundi taa saa kumi na moja alfajiri ni kitu halisi cha filamu kuliko beji ya resini isiyo na ukoo.

Miswada ya filamu ina lugha yake ya rangi. Kurasa za kwanza ni nyeupe. Mabadiliko ya kwanza huchapwa kwenye karatasi ya buluu, yakifuata waridi, njano, kijani, kisha dhahabu, kila moja ikiwa na tarehe juu ya ukurasa. Muswada uliotumika huwa na mchanganyiko wa rangi na tarehe zinazopanda kwa mpangilio huo. Muswada mweupe mtupu wenye tarehe tano tofauti umetolewa kopi.

Kopi zina makosa yanayojirudia. Matundu ya kamba ya muswada wa asili yametobolewa, na kwenye kopi huonekana kama vidoa vyeusi vya duara kando ya matundu mapya. Pini ya stepla huacha kutu upande wa nyuma wa karatasi halisi, na kwenye kopi utaona kivuli chake upande wa mbele pekee. Wino wa mashine ya leza hung'aa ukiinamisha karatasi kwenye taa, na umekaa juu ya karatasi. Miswada ya televisheni ya miaka ya 1960 ilichapwa kwa stensili, wino umezama na kingo za herufi zina ukungu. Ombeni picha ya nyuma ya ukurasa wa kwanza na wa mwisho, taa ikiwa imewekwa pembeni.

Kuna ushauri unaorudiwa sana wa kumulika karatasi kwa taa ya zambarau (UV): iking'aa buluu, ni bandia. Kwa karatasi ya miaka ya 1930 unasaidia. Kwa karatasi ya 1977 hausaidii, kwa sababu kemikali za kung'arisha zilikuwa zimeshaenea viwandani tangu miaka ya 1950. Karatasi halali kabisa ya 1977 inaweza kung'aa kama shati jipya, na watu wanakataa vitu vizuri kwa sababu hiyo.

Nyongeza kuhusu umiliki, maana hakuna aliyeigusa. Uhalisi ni swali moja, haki ya kuuza ni jingine. Modeli ya kwanza ya Enterprise, chombo cha Star Trek, ile ndogo ya kama sentimita 84, ilipotea miaka ya 1970, ikaibuka kwenye eBay mwaka 2023, ikathibitishwa kuwa ndiyo yenyewe, na mwaka 2024 ikarudishwa kwa mtoto wa Gene Roddenberry, mwanzilishi wa Star Trek. Ilikuwa halisi, lakini haikuwa ya kuuzwa. Kwa hiyo kwenye loti yenu tafuteni mnyororo: kifaa kilitoka studio kwa njia gani, nani alikipokea, kimeuzwa mara ngapi, kwa namba gani za loti. Cheti chenye muhuri wa dhahabu kisichotaja jina la aliyekitoa seti ni karatasi nzuri tu.

NyotaYaSouthB

Asanteni sana, wakuu. Barakoa tumeiacha. Tumebaki na mbili: loti ya ratiba sita za upigaji picha za 1982 zenye maandishi ya kalamu, na muswada mmoja wenye kurasa za buluu na waridi. Kwenye barua ya kuomba hali ya kitu tuandike nini? Na tukishinda tulipe vipi, M-Pesa hawachukui.

KaratasiZaSeti

Kwa ratiba: idadi ya kurasa za kila moja, picha ya mbele na nyuma ya zote sita, maandishi ya kalamu ni ya nani na muuzaji anajuaje, kama kuna utepe wa gundi au ukarabati, na zilitoka kwa mfanyakazi gani wa filamu. Kwa muswada: ukurasa upi haupo, maana uliopotea hautajwi usipouliza, na tarehe za kurasa za rangi. Andikeni siku kumi kabla. Wiki ya mnada wanajibu wanaouliza loti za dola laki.

Kati ya hizo mbili ningechukua ratiba. Ziko sita, mko saba, lakini zikae pamoja. Zikigawanywa zinapoteza mfuatano wa tarehe, na mfuatano ndio unaoonyesha zilikuwa za mtu mmoja.

WakalaWaForodha

Kadi ni rahisi kwa kiasi hiki, ila piga simu benki kabla wafungue malipo ya nje na wapandishe kikomo cha siku, kwa sababu dola 256 (nyundo ya 200 pamoja na ada) kutoka Marekani saa nane usiku huonekana kama wizi na mfumo huzuia. Mkituma kwa benki, mwambieni karani gharama zote ziwe kwa mtumaji, kwenye fomu ni OUR. Mkiacha SHA (gharama kugawanywa), benki ya katikati hukata dola 15 au 25 njiani, ankara inasomeka haijamalizika, na kifurushi hakitoki hadi mtume hiyo tofauti kwa ada nyingine kamili.

Na kifurushi kitumwe na nyumba ya mnada yenyewe moja kwa moja hadi Nairobi. Kikipelekwa kwenye anwani ya kukusanyia mizigo ndani ya California, wengi huongeza kodi ya mauzo ya jimbo kwenye ankara, na hesabu ya 200 niliyowapa haina nafasi ya hiyo.